Mama wa Moto Hakuulizwa

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ile ambayo hata bibi yangu aliipokea kwa bibi yake, milima ilikuwa bado haijaamka vizuri. Ukungu ulishuka asubuhi ukakaa, ukakaa, ukakaa, mpaka mbuzi wakawa wanalia mahali na hakuna anayewaona. Na vyungu, tegeni sikio, vyungu vya wakati ule vilikuwa vinaitika. Ukikigonga chungu kizima kwa kidole, kinakujibu ngiii, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha pili. Chenye ufa ukikigonga kinasema ko, basi, kimemaliza maneno. Mnacheka? Nendeni jikoni mkagonge, kisha mje mniambie kama nimewadanganya.

Basi juu huko ukunguni palikuwa na kijiji kinaitwa Nkwiro, na wanawake wa Nkwiro walikuwa wafinyanzi. Walichimba udongo bondeni, wakaukanda, wakafinyanga, wakaanika, na vikishakauka wakavichoma. Siku ya soko watu wa tambarare walipanda na magunia ya mtama, na bei ilikuwa ya kueleweka: chungu kwa ujazo wake. Unajaza mtama ndani ya chungu mpaka mdomoni, mtama unabaki Nkwiro, chungu kinashuka tambarare. Kwa hiyo huko mwanamke mwenye chungu hakulala njaa, na mwanamke asiye na chungu, mh, huyo Mungu amsaidie.

Lakini moto ulikuwa mmoja. Wanawake wote walipanga vyungu vyao pamoja kwenye uwanja wa kuchomea, pale njia inapoanza kuteremka, wakavifunika kwa kuni na nyasi, wakawasha pamoja. Chungu kilichochomwa pembeni na mtu mmoja kiliitwa chungu cha mkiwa, na hakuna mtu wa tambarare aliyekubali kukijaza hata konzi moja ya mtama. Na moto huo ulikuwa na sheria yake. Wazee walisema mtu mwenye neno moyoni akisimama mbele ya moto, vyungu hupasuka. Ndiyo maana kabla ya kuwasha, mama wa moto, yaani mkubwa wa wafinyanzi, alisimama katikati akauliza:

"Nani ana neno? Aliye na neno aliseme. Moto una masikio."

Semeni nanyi. Nani ana neno? Aliye na neno aliseme. Moto una masikio. Vizuri, ila huyo anayesema huku anatafuna, nimemwona.

Basi mmoja akasema, "Nilimnyima jirani chumvi nayo ninayo." Mwingine akasema, "Nimemsema mume wangu kisimani." Mama wa moto akajibu, "Umesikiwa, weka nyasi," na yule akaweka konzi yake ya nyasi juu ya vyungu. Kila mmoja alisema, kila mmoja akaweka nyasi. Na mama wa moto je? Nani alimuuliza yeye? Hakuna. Tangu mlima uumbwe hakuna. Hakukuwa na katazo lolote, hapana. Mwenye kuuliza ni yeye, sasa nani amuulize?

Injili ilipopanda Nkwiro, wanawake wale waliipokea kwa moyo wote. Walitupa hirizi mtoni, wakaacha kumwaga pombe makaburini, wakajifunza kuimba. Lakini sheria ya moto hawakuitupa. Waliivika nguo nyeupe tu, wakaingia nayo kanisani. Zamani walisema neno hupasua vyungu, sasa wakasema dhambi hupasua vyungu, na wakaona wamepiga hatua kubwa.

Wakati huo mama wa moto alikuwa Namcharo. Msimchukie mapema, nawaomba. Namcharo alikuwa mwanamke wa kwanza kubatizwa Nkwiro nzima. Alimpenda Mungu kweli, si kwa kuonyesha watu. Alipokuwa kijana, hakuna aliyekanda udongo kama yeye. Alifumba macho akaupitisha udongo vidoleni polepole, akauliza kwa vidole, wewe nani, wewe nani, na kila kijiwe alikitoa, hata kidogo kama punje ya ulezi. Maana kijiwe kikipata moto, wanangu, hutafuta pa kutokea.

Alipopewa umama wa moto, mambo yalibadilika kidogo kidogo, hata yeye hakuona. Kazi ya kuuliza ilimwingia. Akaona ni lazima ajue mapema nani ana neno, ili mtu asije akaudanganya moto. Akawa anazunguka. "Hodi humu, mwanangu, nimekuja kuomba kaa la moto," na kwake mafiga yanawaka. Ngozi yake ya kukandia udongo, iliyokuwa nyuma ya nyumba penye kivuli, aliivuta akaileta mbele ielekee njia. Mikono ikawa inakanda, macho yanapita na wapita njia. Huyu anatoka wapi? Yule mbona amevaa kitenge kipya? Udongo ukakandwa hivyo hivyo, juu juu, ukafinyangwa, ukaanikwa. Kwa macho vilikuwa vyungu vizuri, vyenye mashavu mazuri.

Siku hiyo basi wakapanga vyungu. Vya mama wa moto, kwa heshima, viliwekwa katikati. Wakauliza, wakajibu, wakaweka nyasi, wakawasha. Moshi ukachanganyika na ukungu mpaka ikawa haijulikani upi ni upi, na wanawake wakakaa wakiimba taratibu, nusu wamesinzia, wanaona nyuso za wenzao zinakuja na kupotea. Uwanja ule ulikuwa mtamu. Mtu alikaa pale akasahau hata njaa.

Pah!

Ndani ya moto. Pah tena. Wimbo ukakatika. Moto ulipopoa wakafukua majivu, wakakuta vigae. Vyungu vya katikati vimetapakaa, na vipande vilivyoruka vimevunja vya pembeni. Vilivyoumia zaidi vilikuwa vyungu vya Nasemba, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, mke wa mfuga nyuki.

Namcharo akamtazama. Akakumbuka jambo.

"Nasemba, wewe na mama mkwe wako si mligombana kwa ajili ya kuku?"

"Tuligombana, Mama. Lakini tulishapatana! Kuku mwenyewe tulimchinja tukamla pamoja."

"Mlikula kuku. Neno mlilikula?"

Nasemba akajipangusa majivu mikononi. Akatoka uwanjani analia, akaambiwa asirudi mpaka moyo wake utakate. Na Namcharo akarudi nyumbani akiwa na kitu kifuani, kitu chenye joto. Aliomba, akashukuru kwamba macho yake bado yanaona. Aliita joto lile bidii ya Mungu.

Wakachoma tena. Nani ana neno? Aliye na neno aliseme. Moto una masikio. Wakawasha. Pah! Safari hii vigae viliangukia vyungu vya Nakadori, binti aliyeolewa juzi tu. Na Namcharo alikuwa na habari zake, maana alikuwa anapita nyumba kwa nyumba.

"Nakadori. Kwenye harusi ya mdogo wako uliionja dengelua."

"Pombe ya miwa? Niliilamba tu, Mama, kwa kidole, nijue kama imechachuka. Nilitumwa na shangazi."

"Kidole ni cha nani?"

"Changu, Mama."

"Basi."

Nakadori naye akatoka. Wanawake wakaanza kuogopana. Aliyekuwa na chungu karibu na mwenzake alikisogeza. Aliyeambiwa habari za mtu alizihifadhi vizuri, asije kuzihitaji. Wengine walijiondoa wenyewe kabla hawajaondolewa. Mvua za masika zilikuwa zimechelewa, mahindi yamesimama madogo madogo, na vyungu ndivyo vilivyokuwa chakula. Na hapo ndipo zamu ilipomfikia Nankondo.

Nankondo alikuwa wifi yake Namcharo, mjane wa kaka yake, Kallaghe. Kallaghe aliangukiwa na mti msituni mwaka uliotangulia, akamwacha mke na mtoto mmoja wa kike ambaye bado hajaanza kutembea vizuri. Nankondo alikuwa mtu wa maneno machache, anayetazama chini akifinyanga, na alikuwa anajiandaa kubatizwa siku ya Pentekoste. Kwake kulikuwa na mtoto, na vyungu, na hakuna kingine.

Na Namcharo alikuwa na neno naye. Hakulisema kwa mtu yeyote, na hata peke yake alilizunguka kwa mbali. Neno lenyewe lilikuwa hili: siku ya mazishi ya kaka yangu, huyu mwanamke hakulia. Namcharo alimwona amesimama kando ya kaburi, macho makavu, midomo imebana, na kitu kikamchoma hapa, hapa chini ya ziwa, na hakikutoka tena.

Siku ile wakasimama wachache kuuzunguka uwanja, ukungu ukiwafika kiunoni, kana kwamba wanaelea.

"Nankondo, una neno?"

Nankondo akafikiri. Alifikiri kweli, hakujibu haraka. Kisha akasema, "Leo sina, wifi."

"Huna?"

"Nimejitafuta jana na leo asubuhi. Sina."

Wengine wakatazamana. Mtu gani asiye na neno? Hata kachumvi? Hata kauongo kadogo? Namcharo akasema, "Umesikiwa, weka nyasi," lakini aliisema kwa sauti ya mtu anayeweka akiba. Wakawasha. Na vyungu, pah, pah, pah, vilipasuka kuliko siku zote, na vya Nankondo havikubaki hata kimoja. Mitungi miwili mikubwa aliyotegemea ijazwe mtama, yote vigae.

"Sasa unaona," Namcharo akasema. "Kusema huna neno, hilo ndilo neno. Hicho ni kiburi. Moto umekutaja mwenyewe."

Nankondo aliokota kigae kimoja, akakigeuza, akakiweka chini, akamfunga mtoto mgongoni vizuri, akaondoka. Hata hapo hakulia. Na Namcharo akaona hilo, wajukuu zangu, akaona kwamba hata leo halii, na lile joto likampanda mpaka shingoni. Alifurahi. Nawaambia kama lilivyokuwa: alifurahi.

Wazee wa kanisa waliposikia, walimwita Namcharo kutoa ushuhuda, naye akautoa. Wakasema basi, Nankondo asibatizwe Pentekoste hii, angoje. Na kwa kuwa uwanja haumpokei na kanisa limemwambia angoje, angekula nini akingoja? Ikajulikana kijijini kwamba siku ya soko atashuka na watu wa tambarare, aende kwa ndugu wa mama yake mbali huko, yeye na mtoto. Na watu wakishuka upande ule huwa hawapandi tena.

Mwalimu wa Injili wakati huo alikuwa Mwalimu Mbonea, mtu mpole, mrefu, ambaye paa la kanisa lilimshinda kwa kuvuja. Namcharo alimkuta juu ya ngazi anachomeka nyasi, akamwamkia, akamweleza hali ya uwanja, kwamba sasa umetakata.

"Umetakata," Mwalimu akasema. "Na vyungu havipasuki tena?"

"Havitapasuka tena."

"Mama, nikuulize kitu kimoja ambacho sikielewi vizuri. Nyote huwa mnaulizwa pale. Wewe huulizwa na nani?"

Namcharo akacheka kidogo, maana swali lilikuwa la kitoto. "Mwalimu, mimi ndiye ninayeuliza."

"Naam," akasema Mwalimu. Akachukua nyasi nyingine, akaendelea na paa lake. Na Namcharo akaenda zake, lakini swali lile lilimfuata. Akasimama njiani mara moja, kisha akajiambia wanaume hawajui mambo ya udongo.

Ilipofika siku ya kuchoma, siku moja kabla ya soko, alikwenda uwanjani akakuta hakuna mtu.

Alingoja. Ukungu ulikuwa mzito namna ya ajabu, mweupe, umetulia, umeziba njia na miti na nyumba. Hakuna aliyekuja. Wengine aliwatoa, wengine walijitoa, na waliobaki siku hiyo kila mmoja alipata ugonjwa wake. Basi akapanga vyungu vyake peke yake. Vyote katikati, maana pembeni hapakuwa na vya mtu. Akakusanya nyasi. Halafu, kwa mazoea, akasimama wima akauliza:

"Nani ana neno?"

Na mlima, wanangu, ukamrudishia, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe: ana neno...

Akasikia baridi. "Aliye na neno aliseme."

Aliseme...

Hakumalizia la tatu. Akawasha haraka. Akakaa juu ya jiwe, akajifunika kitenge, akangoja. Moto ukashika, moshi ukapanda ukaingia ukunguni, na ukimya ukawa mkubwa. Na ndani ya ukimya ule, pah. Pah. Pah. Vyungu vyake, vyake tu, kimoja baada ya kingine. Hakuna Nasemba. Hakuna Nakadori. Hakuna Nankondo. Pah. Aligeuka huku na huku kumtafuta mtu, amtazame nani? Amtazame nani, nambieni?

Akachoka ghafla. Joto la moto lilimlegeza, kichwa kikainama, usingizi ukamchukua pale pale kwenye jiwe mchana kweupe.

Akaota yuko ndani ya chungu kikubwa kama nyumba, mwanga unaingia kwa juu, mdomoni. Wanawake wote wa Nkwiro wamekaa ndani wameuzunguka ukuta, na nyuso zao ni udongo mbichi, laini, bado zina alama za vidole. Naye amepewa kazi ya kuzisafisha. Anamwona mmoja ana kitu cheupe shavuni, kidogo, anakitoa kwa ukucha. Anakwenda kwa mwingine, naye anacho. Anakitoa. Anazunguka, anazunguka, na kila uso anaougusa unabaki na doa jeupe pale alipogusa. Anasema, "Jamani, mbona mmechafuka hivi?" Nao hawasemi kitu. Anafika kwa wifi yake. Uso wa Nankondo ni safi kabisa, unang'aa kama uliopanguswa kwa maji. Namcharo anauchunguza, anauchunguza, haoni kitu, na anaona hasira. Lazima kipo. Ananyoosha kidole amguse, na hapo anauona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko.

Akashtuka. Moto ulikuwa umekufa, majivu yana joto kidogo. Akashuka kwenye jiwe akaenda kwenye vigae. Na ndipo alipofanya jambo ambalo siku zote hizo hakuna aliyelifanya. Hakutafuta mwenye dhambi. Aliokota kigae, akakitazama.

Palikuwa na shimo dogo, na katikati ya shimo kijiwe cheupe. Akaokota cha pili. Kijiwe. Akaokota cha tatu, cha nne, akaacha kuhesabu. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na rundo la vigae vya zamani, vya siku zile nyingine. Akaenda akapekua. Vya Nasemba vilikuwa vimevunjika safi, vimegongwa kutoka nje. Vya Nakadori hivyo hivyo. Vya Nankondo, ile mitungi, udongo wake ulikuwa laini mpaka ndani, mtu aliukanda kwa subira, hakuna hata punje. Kilichokuwa na vijiwe ni udongo wake yeye. Vyake ndivyo vilivyolipuka kwanza, katikati, mahali pa heshima, vikaua vya wenzake, naye akasimama juu ya maiti akauliza nani ameua.

Alitoka mbio mpaka nyumbani. Alikuwa na vyungu vibichi ukutani vinakauka. Akakibonyeza kimoja, akakivunja, akausugua udongo vidoleni huku amefumba macho kama alivyofanya zamani. Wewe nani, wewe nani. Vijiwe vilikuwemo. Vilijaa. Akakaa chini ya ukuta, akasema kwa sauti, "Mungu wangu, nilikuwa natazama njia." Na akalia kilio cha kweli, kwa sababu alijua vijiwe vya udongo ndivyo vilivyo vyepesi kutoa.

Sasa hapa mngesema angenyamaza. Nani angejua? Angekanda vizuri safari ijayo, vyungu vitoke vizima, watu waseme kumbe kweli uwanja umetakata. Na Nankondo angekuwa tambarare. Jaribu hilo lilikuja, msidhani halikuja, likakaa naye mpaka asubuhi ya soko.

Asubuhi hiyo, watu wa Nkwiro walisikia uwanjani kitu kinagongwa. Ko, ko, ko. Ilikuwa desturi kugonga mtungi mzima kuita wafinyanzi, na ulilia mlima mzima. Leo ilikuwa sauti ya kitu kilichopasuka. Wanawake wakaanza kutoka ukunguni mmoja mmoja, wamejikunyata, na Nasemba akamnong'oneza jirani yake, "Safari hii zamu ya nani tena? Tumebaki wangapi wa kufukuzwa?"

Wakamkuta Namcharo hayuko katikati. Amesimama pembeni, mahali wanaposimama wanaohukumiwa, na mbele yake amemwaga vigae.

"Wenzangu," akasema, "vyungu vilivyowavunjia vyenu ni vyangu. Tazameni." Wakainama, wakatazama, wakapitishiana vigae kimyakimya. Nasemba akakiinua kimoja, akakisogeza jichoni, akakishusha. Hakucheka, yeye aliyekuwa anacheka kwa kila kitu.

"Hivyo ni vya udongo," Namcharo akaendelea. "Lakini ninacho kingine, na sijui namna ya kukisema, kwa sababu sijawahi kuulizwa. Naomba mniulize."

Namcharo akangoja. Wakatazamana, wakatazama miguu yao. Nakadori alifungua mdomo na sauti haikutoka. Hawakuwa wabaya. Ulimi ulikuwa haujui njia hiyo, maana tangu mlima uumbwe hakuna aliyewahi kumuuliza mama wa moto. Ukungu ukapita katikati yao, ukapita, na ilionekana kwamba utapita hivyo mpaka jioni.

Ndipo watu wa soko, waliomaliza mapema maana vyungu vya kununua havikuwapo, wakatokea juu ya njia na mizigo, wanateremka. Na katikati yao Nankondo, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Njia ilipitia pale pale. Alipofika uwanjani akapunguza mwendo. Akawaona wamesimama. Akamwona wifi yake pembeni peke yake, macho yamevimba, na vigae mbele yake.

Watu wa tambarare wakamwambia, "Twende, mama, jua litatukuta njiani."

Nankondo akashusha furushi. Akaja mpaka mbele ya Namcharo, karibu kabisa, akamtazama. Na akamuuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Wifi, una neno?"

Namcharo akasema, "Ninalo."

"Liseme."

"Nilikuchukia kwa sababu hukumlilia kaka yangu. Nikakungoja ukosee. Hukukosea, nikasema umekosea. Ulipoondoka pale na mtoto wake mgongoni, nikafurahi, Nankondo. Nilikwenda nyumbani nikamshukuru Mungu."

Nankondo akasema, polepole, "Mwalimu alitufundisha waaminio wasipige yowe kaburini. Nilikuwa nimejifunza hilo Jumapili moja tu kabla ya mazishi, nikaogopa kukosea. Nililia baadaye. Kule bondeni, kwenye shimo la udongo, kila siku nikienda kuchimba. Udongo wangu wote nimeukanda na machozi hayo."

Namcharo akaanguka magotini. Na msifikiri walikumbatiana wakaimba, hapana. Nankondo alisimama tu. Mtoto mgongoni akaanza kusumbua, naye akamtikisa kidogo. Halafu akainama akachukua konzi ya nyasi, akaiweka mkononi mwa wifi yake.

"Umesikiwa," akasema. "Weka nyasi."

Watu wa tambarare walishuka bila yeye. Pentekoste ilipofika alibatizwa, na aliyemshikia mtoto wakati anainamisha kichwa alikuwa Namcharo, aliyekuwa amekwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa kuukana ushuhuda wake, na hiyo nayo haikuwa njia fupi. Hata hivyo Nankondo alikaa mpaka mavuno yakaja yakapita ndipo akala chakula nyumbani kwa wifi yake. Kidonda hakisikii amri. Lakini siku alipokula, alikula akashiba, akaomba aongezewe.

Na uwanja je? Waliwasha moto wakiwa wengi, Nasemba ndani, Nakadori ndani. Na tangu siku hiyo mama wa moto wa Nkwiro alianza kwa kuulizwa, na aliyemuuliza alikuwa mdogo wa wote. Moshi ukapanda, wakaimba, wakasinzia, nyuso zikaja na kupotea. Na katikati ya wimbo, pah! Kimoja kilipasuka.

Kilikuwa cha nani? Mnaniuliza mimi? Hakuna aliyeuliza. Kila mwanamke pale aliinamisha kichwa akaanza kujitafuta vidoleni mwake, na wimbo ukaendelea.

Basi wanangu, mnalijua lile neno la kibanzi katika jicho la mwenzako na boriti katika lako, mmelisikia kanisani mpaka mmelizoea. Mimi sina la kuongeza ila hili: ukiona mwenzako amepasuka, kabla hujamwita pembeni, nenda kaukande udongo wako, na ufumbe macho ukiukanda. Ukimaliza ndipo uende kwake, na ukifika, mwache yeye akuulize kwanza. Na wewe unayetafuna, usigeuke kumtazama mwenzako, nasema na wewe.

Kisa kimepoa, kimetoka motoni, nimekiweka mikononi mwenu. Kigongeni. Kikiitika, kalaleni nacho. Kisipoitika, mnirudishie mimi, na msiulize jirani.